Ufuta wa Kaka Aliye Misri

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwalimu wangu alikuwa akisema kwamba wenzangu wanaandika kama watu wanaomkimbiza kuku, na mimi kama ninayemtega. Kwa hiyo msomaji anivumilie. Ninalotaka kueleza ni la mwaka mmoja tu, mwaka ambao posta haikupokea ufuta wa kaka yangu, na mama naye akakataa kuula.

Sisi ni watu wa Chiola. Tunalima mtama, muhogo na ufuta, na baba ana mikorosho michache nyuma ya nyumba. Nyumbani tunasema Kimwera. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, cha kuuza na kusalimia, kikizidi hapo ananitazama mimi.

Ufuta haungoji mtu. Vitumba vikianza kufunguka nawe ukachelewa siku chache, chembe zote zinamwagika shambani na sisimizi wanakushukuru. Tunaukata ungali na ukijani kidogo, tunaufunga miganda, tunausimamisha ukauke. Halafu mama anatandika jamvi, anaugeuza kila mganda kichwa chini na kuugonga kwa fimbo nyembamba, na chembe zinashuka kwa sauti kama mvua inayoanza juu ya majani makavu.

Siku hiyo ya kwanza ya kupukuta, mama hukaanga ufuta kidogo, akaupepeta, kisha akawaita watoto wake kwa mpango wa kuzaliwa. Unanyoosha kiganja, anakutilia, unalamba mbele yake. Mkubwa kwanza, kisha anayemfuata, na yeye mwenyewe mwisho kabisa. Kabla ya hapo hakuna chungu nyumbani kwetu kinachotiwa ufuta mpya, hata kama wa zamani umekwisha na mboga ni kavu. Alifanyiwa hivyo na mama yake. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto asiyelamba ufuta wa mwaka, njia yake ya kurudi nyumbani huota majani.

Mkubwa wetu ni kaka. Alisoma chuo cha Kurani Lindi, na mashehe wa huko walipoona ana kichwa chepesi walimtafutia safari ya kwenda kuendelea na masomo ya dini Misri. Aliondoka nikiwa darasa la pili. Misri iko wapi, mama hajui. Anachojua ni kwamba ukifika Lindi hujafika.

Mavuno ya kwanza baada ya kaka kuondoka, mama alisimama mbele ya jamvi na ufuta wake mkononi, na kiganja cha kwanza hakikuwapo. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tumekwisha nyoosha vya kwetu. Mama akasimama vile muda mrefu. Mwisho baba akasema aupeleke posta, kwani kazi ya posta ni nini.

Basi akashona mfuko wa kitambaa cha amerikani, akaujaza ufuta mbichi uliopepetwa mara mbili, akaushona mdomo kwa uzi wa gunia. Nikaandika jina la kaka na jina la chuo chake juu ya kitambaa. Tuliondoka Chiola kabla ya jua, tukafika Nachingwea jua likiwa kali. Posta ilikuwa na kaunta ya mbao, na nyuma yake karani kijana mwenye miwani. Alisema tuweke kifurushi kwenye mizani. Mama akakataa. Aliniambia kwa Kimwera nimwambie afungue kiganja.

Mimi nina haya tangu utoto. Mbele ya watu wenye viatu sauti yangu hurudi tumboni. Nilimwambia karani huku nikitazama sakafu, na nadhani alidhani tunataka kumpa hongo, kwa maana alirudi nyuma. Lakini mama alikuwa amekwisha nyoosha mkono, na mtu mwenye adabu akinyooshewa mkono na mama mzee atafanya nini? Akafungua kiganja. Mama akakiweka kifurushi hapo, akangoja kidogo, akasema kwa Kimwera, "Amelamba." Ndipo kikaenda kwenye mizani, nami nikajaza karatasi ya forodha, mstari mmoja mmoja, mpaka foleni yote nyuma yetu ikaanza kukohoa.

Jioni ile tulikula kisamvu kilichoungwa kwa ufuta mpya, na mama alikula pamoja nasi.

Ikawa hivyo miaka mitatu. Karani alizoea. Akimwona mama mlangoni alinyoosha kiganja kabla hajaulizwa, na mara moja alimwambia mzee mmoja aliyeshangaa, "Mimi hapa ni mtoto wa kwanza wa mama huyu, kila mwaka mara moja." Na kila mwaka, baada ya miezi, ilikuja barua ya kaka kusema kwamba kifurushi kimefika, na kwamba wenzake wa chumba kimoja wameuliza Chiola ni mji gani.

Kisha vikaja vita vya mfereji wa meli ulioko Misri. Baba alizipata habari Ruangwa, alikokwenda na ndugu yake kutafuta kitambaa, na mwenye duka akawaambia kwamba vitambaa vimeadimika kwa sababu meli hazipiti tena penye mfereji, zinaizunguka Afrika nzima. Waingereza, ambao ndio wanaotutawala, wamegombana na Misri. Baba aliporudi hakumwambia mama usiku ule. Alimwambia asubuhi, shambani, jembe likiwa mkononi, ili awe na kitu cha kushika.

Miezi ikapita bila barua. Halafu moja ikaja, fupi: yeye mzima, chuo kipo, bei ya mkate imepanda. Mama aliniamuru niisome mara tatu. Kisha akauliza kama mkate unapikwa kwa ufuta, nikasema sijui.

Ufuta wa mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko yote. Mama alishona mfuko mkubwa zaidi, akisema kwamba mtu aliyesikia mizinga anahitaji kula. Tukaenda Nachingwea.

Karani alituona akanyoosha kiganja kwa mazoea. Kisha akakirudisha polepole, akakiweka juu ya kaunta.

Alituonyesha tangazo lililobandikwa ukutani. Nilianza kulisoma, lakini kwa mwendo wangu angefunga ofisi, akanieleza mwenyewe. Serikali imezuia biashara na Misri. Vifurushi vya kwenda huko havipokelewi mpaka itangazwe tena. Barua zinakwenda, ingawa zinachelewa. Nikamtafsiria mama.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasema na karani mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwanangu, mimi sifanyi biashara. Huu siuzi."

"Najua, mama."

"Huu nampa mtoto."

"Najua. Lakini amri haikusema mzigo wa biashara na mzigo wa mama. Imesema vifurushi."

Mama akafikiri. "Basi wewe ushike tu. Usiupeleke. Ushike."

Karani alitazama nyuma, kisha akafungua kiganja. Mama akauweka mfuko hapo kama kila mwaka. Karani akaushika, akangoja, nasi tukangoja. Mwisho mama akautwaa.

Njiani tulivuka reli. Pale akasema kwamba mkono ule umeshika, haukupokea. Kupokea, alisema, ni pale kitu kinapoondoka.

Nyumbani baba alipoona mfuko umerudi alisema, "Kumbe amri ya Waingereza imefika mpaka kwenye chungu changu." Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu, ambaye kila kitu hukiuliza wazi, alitaka kujua kama sasa hatutalamba mpaka wazungu na Misri wapatane, na wazungu hupatana baada ya siku ngapi. Mama akakaanga ufuta kidogo, akatuita mimi na mdogo wangu, akatutilia viganjani. Lakini mkono wake ulipita kwanza mahali pa kaka, juu ya jamvi tupu, ukasimama, ndipo ukaja kwangu. Nililamba, na sikuona ladha.

Yeye hakulamba.

Tangu siku ile alipika vyungu viwili. Kisamvu chetu kilitiwa ufuta, chake kilitiwa chumvi tu. Alikula pembeni, akiwa ametugeuzia bega, ili tusimwone anavyomeza. Mfuko wa kaka aliuweka juu ya dari ya jikoni, penye moshi, ili wadudu wasiuingie. Kila nilipoingia kuota moto niliuona pale, na mwandiko wangu juu yake ukizidi kuwa mweusi.

Baba alijaribu. Alimwambia kwamba mimi ndiye ninayemfuata kaka, anitilie mimi kiganja mara mbili, cha kaka na cha kwangu, jambo liishe. Mama alimjibu bila kuacha kutwanga.

"Kiganja cha mtu hakikopeshwi."

"Mama watoto, utakonda."

"Nikonde. Njia ikiota majani utaipalilia wewe?"

Baba akatoka nje kwenda kutazama mikorosho, ambayo haikuwa na la kutazamwa. Wakati huo ndipo nilipofahamu kwamba mama hagombani na posta. Alikuwa anaogopa. Kaka alikuwa ametaja katika barua yake fupi kwamba walimu wanamwona anafaa kubaki huko afundishe, naye hajui la kujibu. Mimi nililisoma neno lile na kupita. Mama alilisikia na kubaki nalo.

Neno la karani kwamba barua zinakwenda lilikaa kichwani mwangu kama mwiba. Chembe ya ufuta si kitu. Waweza kukanyaga mia usijue. Lakini kama kuitia ndani ya barua kulikuwa kosa, sikutaka karani mwema yule apate shida kwa sababu yetu, wala barua ya mama ichanwe. Ilibidi kuuliza, na kuuliza ndiyo kazi ninayoiogopa kuliko kulima.

Baba alinituma Nachingwea kununua jembe. Nilinunua jembe, nikaenda posta, nikasimama kwenye foleni. Nilipokaribia kaunta nikampisha aliye nyuma yangu. Kisha nikampisha mwingine. Nadhani nilipisha watu saba. Karani akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama nimekuja kutuma jembe.

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo hata akalazimika kuinama.

Alivua miwani. Kisha akasema, "Bwana mdogo, ukiniuliza swali hilo kwa maandishi, nitakujibu kwa maandishi, na jibu litakuwa hapana."

"Mimi naandika polepole sana," nikasema.

"Basi usiandike."

Nilirudi Chiola nikiwa mwepesi, jembe halikuwa na uzito.

Barua ilituchukua siku tatu. Mama alikaa kwenye kigoda akisema kwa Kimwera, nami nikaigeuza kwa Kiswahili, kwa sababu Kimwera sijui kukiandika. Alisema mengi ambayo sikujua kama anayo. Alisema kwamba anasikia walimu wanampenda, na kwamba mtu akipendwa ugenini ni heshima kwa mama yake. Alisema asirudi kwa sababu ya mama. Nilipoandika hayo nilimtazama usoni, akaniambia niandike, nisitazame. Kisha akasema kwamba kama atarudi, mlango wa chumba chake umebadilishwa bawaba, asiuvute kwa nguvu. Zilitimia kurasa mbili, nyuma na mbele, kwa wino wa buluu. Sijawahi kuandika kitu kirefu namna ile. Nilipomaliza vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Nilikuwa nimemwambia mama kwamba tutatia chembe ishirini hivi za ufuta mbichi, mkavu, katikati ya kunjo la karatasi. Nikaiacha bahasha juu ya kigoda nikaenda kisimani. Niliporudi mama alikuwa ameifunga tayari kwa uji wa muhogo, ameibonyeza vizuri. Nikafurahi kwamba ameshiriki.

Sikujua kwamba alikuwa amefikiri kama mpishi. Alifikiri kwamba kaka huko hana chungu wala kinu, na kwamba ufuta mbichi haulambwi. Basi akaukaanga, akautwanga na chumvi, akatia fungu la vidole vitatu katikati ya barua yangu. Na kila anayepika anajua ufuta uliotwangwa unavyotoa mafuta.

Niligundua nikiwa njiani, pale nilipoona kidole changu kinang'aa. Doa lilikuwa dogo kama senti. Nilipofika Nachingwea lilikuwa kama sahani ya kikombe. Nilifikiri kurudi, lakini nilifikiria uso wa mama, nikaingia.

Karani aliipokea bahasha. Akainusa kidogo, kama mtu anayekumbuka kwao.

"Barua hii ina mboga," alisema.

Nikatazama sakafu. Alibandika stempu, na badala ya kuigonga kwa muhuri kama anavyozigonga nyingine, aliubonyeza muhuri polepole ukingoni, akauinua kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akaiweka barua peke yake, mbali na rundo.

Nilimwambia mama kwamba imekwenda. Akaniuliza kama karani ameishika kwa kiganja. Nikasema ndiyo, ameishika vizuri. Lakini safari hii hakusema kwamba kaka amelamba. Alikwisha danganywa na kiganja mara moja. Akaendelea na chungu chake cha chumvi.

Mvua zikaanza. Tulipanda mtama. Vyungu bado vilikuwa viwili. Mdogo wangu alikuwa ameanza kula upande wa mama, akisema kwamba kisamvu cha chumvi ndicho kitamu, na mama alimwacha aseme uongo wake.

Jibu lilifika siku tulipokuwa tunasafisha shamba la ufuta kwa ajili ya kupanda. Kijana wa jirani aliyetoka mjini ndiye aliyelileta. Nilisoma pale pale, nimesimama, mikono ina udongo.

Kaka aliandika hivi. Barua imefika, imefunguliwa na kufungwa tena njiani, lakini imefika. Mafuta yamekula wino wote; kurasa zimekuwa za buluu tupu kama anga, na hakuna neno hata moja analoweza kulisoma, isipokuwa jina lake mwenyewe juu ya bahasha na neno "mlango" pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Alikesha akijaribu kuisoma kwenye mwanga wa taa. Mwishowe akaikunjua juu ya meza, akaukusanya ufuta uliokuwa umebaki kwenye makunjo, akautia kiganjani. "Nimelamba," aliandika. "Chumvi ilikuwa nyingi kama siku zote. Kisha nikailamba na karatasi, Mungu anisamehe, ilikuwa na wino. Sasa niambieni mlisema nini. Na mlango umefanya nini?"

Nilipomaliza pale pa kulamba, mama aliniashiria ninyamaze. Aliweka jembe chini. Alikaa juu ya kisiki akafunika uso kwa ncha ya kanga. Baba akaja akasimama karibu naye, akimkinga jua kwa kivuli chake. Baada ya muda sauti ya mama ilitoka chini ya kanga.

"Chumvi nyingi? Amesema chumvi nyingi?"

"Amesema kama siku zote," nikasema.

"Hakuwahi kuniambia."

Baba akacheka, na mama naye, na mdogo wangu akacheka bila kujua tunacheka nini.

Jioni hiyo mama alipanda juu ya kigoda akaushusha mfuko wa kaka kutoka kwenye dari. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Aliufumua uzi taratibu bila kuukata, akauzungusha kidoleni autunze. Ndani ufuta ulikuwa mweupe kama siku alipoufunga. Akakaanga kidogo, akaupepeta, akajitilia kwenye kiganja chake mwenyewe, akalamba. Sisi tulikaa tukimtazama kama watu wanaotazama mwezi wa Idi. Akasema ufuta wa mwaka ule ulikuwa mzuri kweli. Mwingine tuliupanda kesho yake, na katika vyungu viwili kimoja kikarudi kuwa cha maji.

Nilibaki mimi na swali la kaka, mlisema nini. Nilimwomba mama ayaseme tena nipate kuyaandika. Akakataa. Alisema aliyoyasema aliyasema, na kama mafuta yameyala basi yameliwa na kitu kizuri. Na kwamba neno moja hasa, lile la kumwambia asirudi kwa ajili yake, hana nguvu ya kulisema mara mbili. Akaniambia nimwandikie mwenyewe, maneno yangu.

Sikuwahi kuandika maneno yangu. Siku zote niliandika ya watu. Nilikaa na karatasi nyeupe wiki nzima. Nilimweleza habari za bawaba. Nilimweleza vyungu viwili, na mkono wa mama uliosimama mahali pake juu ya jamvi. Neno la mama sikulirudia, kwa kuwa halikuwa langu. Niliandika tu kwamba njia ya Chiola haijaota majani, sisi tunapita kila siku. Nikaipeleka kavu, bila ufuta, na karani akaigonga muhuri kwa nguvu zake zote.

Kaka bado hajajibu kama atabaki au atarudi. Ufuta wa mwaka huu uko karibu kukatwa, na lile tangazo bado liko ukutani posta. Mama amekwisha uliza kama kuna karatasi isiyopitisha mafuta.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, kama na kwenu kuna mtu aliye mbali, mahali ambapo mizigo haipiti, niandikieni mlimfikishiaje cha kwake. Mkiandika Kiswahili cha kwenu nitakielewa. Karani wa posta anajua pa kunipata. Jibu langu litachelewa, lakini nitajibu kila mmoja. Na kama mtatia kitu cha mafuta ndani ya barua, kifungeni kwanza katika jani kavu la mgomba, maneno yafike nayo.